Mwili Mzito Baada ya Kazi ya Kichwa: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Mhasibu wa ofisi ya eneo la Posta, jijini Dar es Salaam, ameketi siku nzima akifunga hesabu za mwezi. Jioni anavaa raba ili akimbie hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, njia anayoijua vizuri, lakini kabla hajamaliza nusu ya safari anaona miguu haimtii. Mwalimu aliyeshinda akisahihisha mitihani, mwanafunzi wa Mlimani aliye katika wiki za mitihani, daktari aliyetoka zamu ya kuona wagonjwa mfululizo na mtengenezaji wa programu za kompyuta wana lalamiko hilo hilo, na jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba wamezoea kukaa au wamekuwa wavivu. Jibu hilo si la haki, na wala halisaidii, kwa kuwa halimwelekezi mtu mahali pa kuangalia.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kwa kawaida anafanya mazoezi, iwe ni kutembea, kukimbia na kikundi cha mbio za pole siku za Jumamosi, kucheza mpira wa mchangani au kunyanyua vyuma, na ambaye ameona kwamba uwezo wake hushuka siku za kazi nzito ya kichwa. Nia yake ni kumsaidia kutenganisha uchovu unaotoka akilini na ule unaotoka kwenye joto, maji, chakula, usingizi au maradhi, maana uchovu wa aina zote hizi huonekana kwa sura moja saa kumi na mbili jioni, ilhali dawa zake ni tofauti.

Kinachochoka ni nini hasa

Imani iliyoenea ni kwamba kufikiri sana hula nguvu za mwili, hivyo misuli hubaki mitupu. Ni kweli kwamba ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, lakini kiwango hicho hupanda kidogo tu mtu anapofikiri kwa bidii, wala ongezeko hilo halitoshi kuidhoofisha misuli ya miguu. Lazima sababu itafutwe kwingine.

Jambo lenyewe limejulikana kwa muda mrefu. Angelo Mosso, mwanafiziolojia wa Turin nchini Italia, aliandika mwaka 1891 kwamba wenzake waliotoka kufundisha au kutahini wanafunzi kwa mdomo walichoka mapema zaidi walipovuta uzito kwa kidole kwenye chombo alichokibuni yeye mwenyewe. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales waliwapima watu 16 kwenye baiskeli ya mazoezi, kwa mzigo wa asilimia 80 ya uwezo wao wa juu, hadi washindwe kuendelea. Safari moja walipanda baiskeli baada ya dakika 90 za kazi ya kompyuta inayodai umakini mfululizo, na safari nyingine baada ya dakika 90 za kutazama filamu tulivu za maelezo. Baada ya filamu walidumu kwa wastani wa sekunde 754, na baada ya kazi ya kichwa sekunde 640. Moyo na mapafu yalifanya kazi kwa namna ile ile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni hisia ya jitihada: mzigo ule ule ulihisiwa kuwa mzito zaidi, na kwa sababu hiyo walifika mapema pale ambapo mtu husema basi.

Kwa nini hisia hiyo hupanda? Maelezo mojawapo ni kwamba kazi ndefu ya umakini huongeza kemikali iitwayo adenosini katika sehemu za ubongo zinazopima jitihada. Mwaka 2022 watafiti wa Paris waliripoti pia kwamba watu waliofanya kazi ngumu ya kichwa kwa zaidi ya saa sita walikuwa na glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, nyingi zaidi katika sehemu ya mbele ya ubongo kuliko waliofanya kazi nyepesi. Uchunguzi unaendelea, na wanasayansi wanabishana juu ya ukubwa wa athari hii, kwani majaribio mengine yamepata tofauti ndogo sana. Lakini kwa mtu anayetafuta chanzo cha tatizo lake, jambo moja linatosha kumwongoza: uchovu wa akili hubadilisha namna kazi inavyohisiwa kuliko unavyobadilisha mapigo ya moyo. Hapo ndipo pa kuanzia kupima.

Jaribio la dakika kumi

Chagua kipande kimoja cha njia tambarare, kwa mfano Barabara ya Barack Obama kando ya bahari au uwanja wa shule ya mtaani kwako, utembee haraka au ukimbie kwa mwendo wako wa kawaida kwa dakika kumi. Ukisimama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono au pembeni mwa koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Papo hapo jipe alama ya ugumu kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni sawa na kuketi na 10 ni kiasi ambacho huwezi kuongeza hata hatua moja. Vipimo vya kujipa alama namna hii vilitokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, na hadi leo madaktari na makocha huvitumia, kwa sababu mtu mzima anayejijua hukadiria jitihada zake kwa usahihi wa kuaminika.

Fanya hivyo siku ya mapumziko, kisha siku ya kazi nzito, saa ile ile na kwenye njia ile ile. Saa ina uzito mkubwa hapa Dar es Salaam, kwani mbio za alfajiri na mbio za saa tisa alasiri ni mazoezi mawili tofauti hata kama umbali ni mmoja. Andika pia ulivyolala, ulichokula na kazi uliyofanya. Anayefunga Ramadhani alinganishe siku za funga na siku za funga, asizichanganye na siku nyingine. Matokeo ya jaribio hili ndiyo yatakayokuonyesha dalili ipi kati ya zifuatazo ni yako.

Miguu ni mizito tangu hatua ya kwanza, lakini mapigo ya moyo hayajabadilika

Ikiwa mapigo ni yale yale ya siku ya mapumziko, tofauti ikiwa ni ya mapigo machache tu, lakini alama ya ugumu imepanda kutoka 4 hadi 6, uwezekano mkubwa ni uchovu wa akili. Mwili haujaharibika na wala hujapoteza uzima uliojijengea. Kosa linalofanywa mara nyingi katika hali hii ni kulazimisha mwendo wa Jumamosi siku ya Jumatano yenye kazi nyingi, mtu ashindwe, akate tamaa, kisha aache mazoezi kwa wiki nzima.

Rekebisho la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko mengine, ni kupanga upya wiki. Mazoezi yanayodai kuvumilia mwendo mkali kwa muda mrefu yahamishiwe alfajiri kabla ya kazi, au siku ambazo kazi ni nyepesi. Mhasibu anajua tangu mwanzo wa mwezi kwamba tarehe 7 kuna kodi za mishahara na tarehe 20 kuna ritani ya VAT, na mwalimu anajua wiki za kusahihisha. Tarehe hizo ziingizwe kwenye ratiba ya mazoezi kama zinavyoingizwa kwenye ratiba ya ofisi. Jioni za siku hizo mtu atembee au akimbie kwa kufuata alama ya ugumu, abaki kwenye 4 au 5, akubali kwamba mwendo utakuwa wa chini. Moyo na mishipa vitafaidika hata hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika za polepole za Jumatano zinahesabika ndani yake.

Rekebisho la pili ni kuweka pumziko la kweli kati ya kazi na mazoezi, na hapa simu ndiyo inayoharibu. Watu wengi huzima kompyuta, wakafungua simu na kupitia mitandao ya kijamii kwa nusu saa wakidhani wanapumzisha akili. Watafiti wa Brazil waliochunguza wachezaji wa soka waligundua kwamba dakika 30 au 45 za mitandao ya kijamii kwenye simu kabla ya mchezo zilidhoofisha uamuzi wao wa kutoa pasi, ilhali dakika 15 hazikuwa na athari hiyo. Kuketi barazani, kuzungumza na jirani, kuoga au kuswali kunampa mtu kile ambacho simu haimpi.

Rekebisho la tatu ni kahawa, nalo litumike kwa akili. Kafeini huzuia adenosini isifanye kazi yake kwenye ubongo, na hivyo hupunguza hisia ya jitihada. Kikombe cha kahawa chungu cha muuza kahawa wa mtaani, kikinywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, kinaweza kutosha. Tatizo ni kwamba nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano kwa mtu mzima wa kawaida. Anayekunywa saa kumi na moja jioni bado anayo nusu yake saa nne usiku, akilala vibaya atakuwa amekopa nguvu za kesho. Kwa hiyo kahawa iwe ya siku moja moja, na wenye shinikizo la damu, wenye matatizo ya moyo na wajawazito waulize daktari kwanza.

Mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida kwa mwendo ule ule

Hii ni dalili tofauti kabisa, na mtu asiikimbilie kazi ya ofisini kuwa ndiyo chanzo. Uchovu wa akili peke yake haupandishi mapigo kwa kiasi kikubwa wakati wa mazoezi. Mapigo yakizidi ya siku ya mapumziko kwa 10 au zaidi, tafuta kwanza joto na maji.

Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana jijini hufikia nyuzi 31 au 32 za Selsiasi na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Mtu aliyeshinda kwenye ofisi yenye kiyoyozi hupata shida zaidi, kwanza kwa sababu hakuhisi kiu akanywa maji kidogo, na pili kwa sababu mwili wake unatoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto ghafla. Angalia mkojo wa alasiri: ukiwa wa njano iliyokolea, anza kunywa maji saa nane mchana badala ya kungoja hadi uvae raba. Ondoka ofisini dakika chache mapema, utembee kivulini kabla ya kuanza mbio. Ikiwa mapigo yatashuka baada ya wiki moja ya kufanya hivyo, chanzo kimepatikana.

Kama hayashuki, angalia usingizi. Wiki za kazi nyingi ndizo pia wiki ambazo watu hulala kwa muda wa saa tano tu, na mtu aliyekosa usingizi hulaumu kazi wakati ambapo kinachomdhuru ni kitanda alichokikimbia. Baada ya hapo fikiria maradhi. Homa inayoanza hupandisha mapigo kabla mtu hajajitambua kuwa mgonjwa, na katika mji wenye malaria mtu asikimbie akiwa na mapigo ya juu, baridi ya ghafla na maumivu ya viungo. Aende akapime damu.

Vyuma vinanyanyuka, lakini seti za mwisho zinashindikana

Wanaonyanyua vyuma huona jambo linalowashangaza: uzito mkubwa wa mara moja unanyanyuka kama siku zote, lakini kazi ya kurudia rudia hadi mwisho inawashinda. Hali hiyo inalingana na yale yaliyopatikana kwenye tafiti nyingi, kwamba nguvu za juu kabisa na mikurupuko mifupi haziguswi sana na uchovu wa akili, bali ustahimilivu ndio unaopungua. Kwa hiyo siku ya kazi nzito fanya seti chache zenye marudio machache na mapumziko marefu, uache marudio ya kujikamua kwa siku nyingine. Mwenye kukimbia naye anaweza kubadilisha mbio ndefu kwa mbio fupi fupi za kasi zenye kupumzika katikati, mradi amepasha mwili moto vya kutosha.

Mpira unakataa mguu

Mchezaji wa jioni ana pumzi, anakimbia, lakini pasi zinapotea, anachelewa kuona mwenzake aliye huru na anacheza rafu zisizo zake. Tafiti kwa wachezaji wa soka zimeonyesha kwamba dakika 30 za zoezi la kompyuta la kutaja rangi ya wino wa neno linalosomeka rangi nyingine zilitosha kupunguza umbali waliokimbia kwenye jaribio la ustahimilivu na kuharibu usahihi wa pasi na mashuti. Umakini ni ule ule mmoja, uliotumika kwenye majedwali mchana ndio unaohitajika kiwanjani jioni. Mchezaji wa namna hii apewe nafasi yenye maamuzi machache kwa dakika za mwanzo, na kocha asimlaumu kwa uzembe kabla ya kumuuliza siku yake ilikuwaje.

Jambo hili lina upande wa usalama ambao naona haupewi uzito unaostahili. Kuendesha baiskeli kwenye Barabara ya Mandela wakati wa magharibi, kati ya malori na bodaboda, kunahitaji macho na maamuzi ya haraka kuliko miguu. Siku ambayo kichwa kimechoka, baiskeli ibaki nyumbani na mtu atembee.

Mikono inatetemeka, jasho jembamba, njaa kali

Hiki ni chakula. Mtu aliyezama kwenye kazi huruka mlo wa mchana bila kujua. Ndizi mbili au kipande cha muhogo na karanga saa moja kabla ya mazoezi hurekebisha hali hiyo, na kama inajirudia licha ya kula vizuri, sukari ya damu ipimwe. Anayetumia dawa za kisukari asimame mara moja dalili hii inapomjia, ale kitu cha sukari, na asiendelee na mazoezi siku hiyo.

Nguvu zipo ofisini, zinaishia njiani

Wapo ambao saa kumi na moja wanajiona wazima, lakini wakifika Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto hawatoki tena ndani. Hapa chanzo kinachosahaulika ni safari yenyewe. Anayeendesha gari kwenye foleni ya saa moja na nusu hapumziki. Anafanya kazi nyingine ya umakini juu ya ile aliyotoka nayo, akiwaangalia wenye bodaboda kushoto na daladala zinazokata mbele yake. Abiria wa mwendokasi aliyepata kiti na kufumba macho yuko katika hali bora kuliko yeye, ingawa aliyesimama kwa kubanwa hadi Kimara naye anafika amechoka kwa namna yake.

Rekebisho ni kufanya mazoezi kabla ya safari. Badilisha nguo ofisini, tembea au kimbia karibu na mahali pa kazi, kisha ondoka foleni ikiwa imepungua. Asiyeweza kufanya hivyo ashuke vituo viwili kabla ya kwake na amalizie kwa miguu, maana uamuzi wa kutoka tena ukishafika nyumbani ndio mgumu kuliko yote, na mtu aliyechoka akili huchagua njia nyepesi karibu kila mara. Asipewe nafasi ya kuchagua.

Uchovu hauondoki hata siku ya mapumziko

Ukifanya jaribio la dakika kumi baada ya siku mbili za kupumzika na kulala vizuri, na alama ya ugumu bado iko juu, acha kuitafuta sababu kwenye kazi ya kichwa. Upungufu wa damu ni chanzo cha kawaida, hasa kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kuna pia kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na maambukizi ya muda mrefu. Vipimo vya damu vya kuanzia hupatikana kwenye vituo vingi vya afya vya jijini. Maumivu ya kifua, kuzimia au pumzi kukata kwa kazi ndogo visisubiri jaribio lolote. Mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kujua kama rekebisho limefanya kazi

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na uliache kwa wiki mbili. Anayehamia alfajiri, akaanza kunywa maji zaidi, akaacha simu na kuongeza kahawa ndani ya wiki moja hatajua kilichomsaidia, na kazi zikizidi tena hatajua arudie kipi. Kila wiki linganisha alama ya siku ya kazi nzito na ya siku ya mapumziko. Pengo kati ya alama hizo likipungua huku mapigo yakibaki pale pale, endelea na ulichobadilisha. Lisipopungua, ongeza rekebisho la pili, na ukiona mapigo nayo yameanza kupanda, rudi kwenye joto, maji na usingizi kabla ya kugusa ratiba tena.